Msamaha Ambao Mama Hakuutoa

“Nani kati yenu alinisikia nikisema haya?”

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu. Mama amesimama mlangoni mwa chumba cha habari, gazeti mkononi, na watu wote mle ndani ghafla wamepata kazi nyingi. Mpiga picha anasugua lenzi isiyo na vumbi. Mwandishi wa michezo ameweka simu sikioni na anaitikia “ehe, ehe,” na simu yenyewe imeisha chaji tangu asubuhi.

“Nimeuliza. Nani alinisikia?”

Chapuchapu aliinuka.

“Ni mimi, mama. Habari hiyo niliiandika mimi.”

“Najua uliiandika. Jina lako liko hapa juu. Sijauliza nani aliandika. Nimeuliza nani alinisikia.”



Kama wewe ndiyo kwanza unaingia kwenye mkasa huu, usibaki nje, sogea nikudokeze. Chapuchapu ni mwandishi wa habari, na jina hilo amepewa na wenzake kwa sababu hakuna anayemfikia kwa kasi. Mama huyu alimzika binti yake, fundi cherehani, baada ya kiwanda cha nguo kuteketea na mafundi kushindwa kutoka kwa mlango wa nyuma. Wafiwa wanasema mlango ulifungwa kwa mnyororo na kufuli ili mafundi wasitoroke kazini. Wenye kiwanda wanasema hakukuwa na mnyororo wowote. Kuna kikao cha uchunguzi kinachotafuta ukweli, na wafiwa walimchagua mama huyu awe msemaji wao.

Kisha gazeti likatoka na neno moja kubwa ukurasa wa mbele: NIMEWASAMEHE. Chini yake, picha ya mama.

“Nisomee,” mama akasema, akimnyooshea Chapuchapu gazeti. “Nisomee kwa sauti, na hawa wenzako wasikie.”

Chapuchapu alilipokea. Herufi zilimchezacheza machoni.

“‘Nimewasamehe wote,’” alisoma. “‘Kesi haitamrudisha mwanangu. Namwachia Mungu, na ninawaomba wenzangu nao waache.’”

“Mimi?” Mama alijigusa kifua. “Mimi sijamsamehe hata aliyetengeneza hiyo kufuli.”

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Chapuchapu. Angepigiwa kelele angejitetea.

“Mdogo wangu wa tumbo moja haniongeleshi,” mama akaendelea. “Mimi nimefiwa na binti, yeye amefiwa na mwanawe, kwenye moto ule ule. Jana nimempelekea chai, hakufungua. Ameniuliza kwa ndani, ‘Dada, wamekupa nini?’ Mimi! Mdogo wangu ananiuliza mimi nimepewa nini!”

Mlango wa ofisi ya ndani ukafunguka. Alikuwa mhariri mkuu, ambaye chumba kizima kinamwita Nukta, kwa kuwa anaweza kukosa chakula cha mchana lakini hakosi nukta iliyodondoka.

“Karibu ndani, mama. Karibu ukae.”

“Sijaja kukaa.”

“Basi njoo usimame ndani. Na wewe,” akamgeukia Chapuchapu, “lete hiyo sauti uliyorekodi.”

Walisimama watatu kuizunguka meza. Chapuchapu alitafuta sauti kwenye kompyuta huku vidole vikikosea. Aliomba moyoni maneno yale yawemo. Aliomba mama awe amesahau, au amejuta, au ametishwa na mtu. Ndiyo, aliomba hivyo, na baadaye alijichukia kwa kuomba hivyo.

Sauti yake mwenyewe ikasikika kwanza, nyororo, ya mtu aliyezoea misiba ya wengine: “Na wenye kiwanda, mama, ungependa kuwaambia nini?”

Kisha kukawa kimya.

Feni ilisikika ikizunguka. Kiti kililia kidogo. Mtu alivuta pumzi, akaishika, akaiachia. Mbali huko mtoto wa jirani alikuwa anaita mwenzake waje kucheza. Kimya kikaendelea, kirefu, mpaka Nukta akainama kuangalia kama sauti imekwama.

Haikukwama. Mwishowe Chapuchapu alisikika akisema, “Pole, mama. Pole sana.” Rekodi ikaisha.

“Rudisha,” Nukta akasema.

Akarudisha. Feni, kiti, pumzi, mtoto wa jirani.

“Maneno ya msamaha yako wapi?”

Chapuchapu alikuwa ameshajua.

“Ni Mkwe,” akasema.

“Mkwe?” Mama aligeuka. “Mkwe wa nani? Binti yangu hakuwa ameolewa.”

Jamani. Hata Nukta aliangalia chini.

Mkwe si mtu. Ni programu ya akili bandia ambayo gazeti lile lilinunua mwanzoni mwa mwaka, na waandishi wakaibatiza jina hilo kwa utani. Walisema inafanana na kijana aliyekuja kuposa: umtume popote anakwenda, umuulize lolote ana jibu, na hakuna siku atakwambia hajui. Unampa rekodi ya mahojiano, anaiandika yote, anaipanga, anakurudishia habari nzima yenye kichwa na mkia kabla hujamaliza kikombe. Chumba kizima kilimpenda. Chapuchapu alimpenda kuliko wote.

“Ni kompyuta, mama,” alisema kwa sauti ndogo. “Nilimpa rekodi yako, nikamwambia aiandike na aitengeneze habari papo hapo. Alipofika kwenye lile swali hakukuta jibu. Akatia la kwake.”

“Kompyuta imenisemea?”

“Ndiyo, mama.”

“Na wewe ulikuwepo. Ulikaa mbele yangu, magoti yetu yanagusana. Ulijua sikusema kitu.”

“Nilijua. Nilipoisoma… ilikuwa imeandikwa vizuri, mama. Siku hiyo nilikuwa na habari nyingine mkononi, toleo linasubiri. Nikaona maneno yenyewe yanakufaa. Nikadhani labda ulisema wakati naandaa kinasa sauti. Nikajiaminisha.”



“Nilikujibu, binti,” mama akasema. “Uliniuliza nina la kuwaambia, na mimi nikanyamaza. Ndilo lilikuwa jibu langu. Sikuwa na jingine, na sina mpaka leo. Umelichukua jibu langu ukalitupa, ukaniwekea la dukani.”

Nukta alivua miwani.

“Ulimsomea?” alimuuliza Chapuchapu.

Swali hili ungeliuliza nje ya gazeti lile watu wangekushangaa. Pale ndani kila mtu alijua maana yake. Tangu zamani gazeti lile lilikuwa na desturi yake: maneno ya mfiwa hayachapwi mpaka apigiwe simu na kusomewa neno kwa neno, aseme ndiyo haya, au aseme hapana, futa hapo. Kulikuwa na simu ya mezani karibu na dirisha, kazi yake ilikuwa hiyo tu. Waandishi wachanga walikuwa wanagombana nani apige, maana kumsomea mtu uchungu wake si kazi ya mchezo. Wengine walikuwa wanatoka kwenye simu ile wanakwenda moja kwa moja chooni kunawa uso.

Mkwe alipokuja, simu ile iliondolewa. Mahali pake pakawekwa kisanduku kidogo kwenye kioo cha kompyuta, kimeandikwa “Msemaji amesomewa.” Unabofya, unaendelea.

“Nilibofya,” Chapuchapu alisema.

Nukta alikaa kitini.

“Simu ile niliiondoa mimi,” alisema, na haikujulikana anamwambia nani. “Niliambiwa inachelewesha.”

Kisha akajikaza, akavaa miwani na sauti ya kiofisi. “Mama, tutaweka sahihisho. Kesho, ukurasa wa pili, juu, lionekane.”

“Kesho?” Mama alicheka kicheko kikavu. “Kikao kinafunga ushahidi leo alasiri. Na wakili wa kiwanda analo gazeti lako, analipunga mbele ya kila mtu. ‘Msemaji wao mwenyewe amesamehe, hawa wengine wanatafuta nini?’ Halafu mdogo wangu hasomi ukurasa wa pili. Yeye amesoma neno moja kubwa, na ameliamini.”

“Unataka tufanye nini, mama?”

“Huyu aje.” Alimnyooshea Chapuchapu kidole. “Aje kikaoni akaseme mbele ya mdogo wangu alichosikia. Alichosikia yeye kwa masikio yake, si alichoandikiwa.”

Chapuchapu alimtazama Nukta. Alitarajia akataliwe. Nisikufiche, msomaji, sehemu fulani ya moyo wake ilitamani akataliwe. Kwenda mbele ya kikao na kusema nilichapa maneno ambayo hayakusemwa ni kuichoma kalamu yako mwenyewe. Hakuna gazeti litakalokuchukua tena. Watu watasema yule ndiye aliyemsamehesha mama wa watu kwa kompyuta.

Nukta aliinuka, akainakili rekodi kwenye flashi na kumkabidhi.

“Nenda,” alisema. “Wakikuuliza nani aliruhusu habari ile itoke, nitaje mimi. Usinilinde.”

“Bosi, watakufukuza.”

“Watanifukuza. Nenda kabla sijabadilisha mawazo, mimi si shujaa.”

Ukumbi wa kikao haukuwa mbali, wakaenda kwa miguu. Njia nzima Chapuchapu alikuwa anatafuta neno la kusema, na kila alilolipata lilionekana limeshatumika. Mama ndiye aliyeanza kuzungumza, tena si kuhusu gazeti.

“Hukuniuliza habari za vifungo,” alisema.

“Vifungo gani, mama?”

“Binti yangu kiwandani kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo. Alipoanza hakuwa hodari, basi akawa anajifunzia nyumbani. Kila kitambaa alichokiona alikitoboa tundu akalizungushia uzi. Nina taulo zenye matundu ya vifungo. Nina pazia lenye matundu ya vifungo.” Alitabasamu, na tabasamu likamshinda katikati. “Nilimgombeza sana kwa lile pazia.”

Chapuchapu alilia pale pale barabarani, watu wakipita. Mama alimsubiri amalize. Hakumbembeleza, lakini hakumwacha nyuma pia.

Ukumbini wafiwa walikuwa wamekaa upande mmoja, viti vya plastiki vimebanana. Kiti cha msemaji mbele kilikuwa na mtu mwingine. Mama alikwenda kukaa nyuma kabisa, kando ya nguzo, na hapo Chapuchapu akaelewa kwamba amekuwa akikaa hapo tangu gazeti litoke. Hakuna aliyemsalimu. Mdogo wake alikuwa mstari wa mbele, amepakata picha ya mwanawe, na hakugeuka.

Mwenyekiti wa kikao, jaji mstaafu mwenye nywele nyeupe na subira fupi, aliletewa kijikaratasi kutoka kwa Chapuchapu. Alikisoma, akapandisha nyusi.

“Mwandishi wa gazeti ana jambo. Aje mbele, aseme kwa kifupi.”

Chapuchapu alikwenda kwenye kipaza sauti. Alisema kwa kifupi kweli, kazi yake ilikuwa imemfundisha hilo.

“Mheshimiwa, gazeti letu liliandika kwamba mama huyu amewasamehe wenye kiwanda. Hakusema hivyo. Niliandikiwa na mashine, nikachapa bila kumsomea. Rekodi ninayo. Naomba isikilizwe.”

Minong’ono ikazuka. Wakili wa kiwanda aliacha kuandika, akaweka kalamu chini taratibu.

Sauti ikawekwa kwenye spika za ukumbi. “Na wenye kiwanda, mama, ungependa kuwaambia nini?”

Feni. Kiti. Pumzi.

Ukumbi mzima ulikaa ukisikiliza kimya kile. Baba mmoja alivua kofia. Mwanamke aliyekalia kiti cha msemaji alianza kutikisa kichwa, polepole, machozi yanamtoka bila sauti, kwa maana kimya kile alikifahamu. Kilikuwepo nyumbani kwake pia. Hakuna mfiwa aliyehitaji kuelezwa mama alikuwa anasema nini pale.

Rekodi ilipoisha, mdogo mtu aliinuka. Alitembea mpaka nyuma, picha ya mwanawe ameikumbatia. Alisimama mbele ya nguzo.

“Dada.”

Mama aliinua macho.

“Dada, nilikuuliza umepewa nini.”

“Uliniuliza.”

“Dada yangu, nisamehe.”

“Usilitaje hilo neno,” mama alisema, “limeshanitesa vya kutosha.” Akamvuta, wakashikana, picha katikati yao, wakalia kilio walichokuwa wamekilimbikiza kila mtu nyuma ya mlango wake. Watu wakasogeza viti. Yule aliyekalia kiti cha mbele aliinuka mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja, na ndugu wale wawili wakaletwa mbele wakakaa pamoja.

 Kazi nimeipoteza, Chapuchapu alijiambia, lakini undugu huu nimeurudisha.

Ningekuwa msimulizi mwenye huruma ningewaacha wapumzike hapo. Lakini wakili wa kiwanda alikuwa amesimama, anafunga kifungo cha koti, na uso wake ulikuwa mpole kuliko siku zote.

“Mheshimiwa, naomba nimuulize shahidi mambo machache.”

“Uliza.”

“Kwanza, dada, hongera. Si kila mwandishi angekuja hapa. Umekuwa mkweli sana.”

“Asante,” Chapuchapu alisema, na papo hapo akajuta kusema asante.

“Hiyo mashine yenu mmeanza kuitumia lini?”

“Mwanzoni mwa mwaka.”

“Kwa hiyo ilikuwepo moto ulipotokea.”

“Ilikuwepo.”

“Na ile habari ya kijana aliyekuwa amelazwa. Uliiandika wewe?”

Hapo Chapuchapu aliona maswali yanakokwenda.

Kijana huyo ndiye aliyekuwa kwenye picha. Mtoto wa mdogo mtu, mpwa wa mama. Alikuwa mkata vitambaa kiwandani, na ndiye pekee aliyefika kwenye mlango wa nyuma akatolewa akiwa hai. Aliishi siku chache wodini, kisha naye akaenda. Kabla hajaenda alizungumza na mtu mmoja tu wa nje, Chapuchapu. Mnyororo wenyewe haukupatikana, kwa sababu vifusi vilizolewa haraka haraka na katapila kabla ya uchunguzi. Ushahidi wote wa mnyororo ulikuwa umebaki kwenye habari ile ya gazeti.

“Niliiandika mimi,” alisema.

“Rekodi yake unayo?”

“Sina. Wodi ile hairuhusu simu.”

“Ulifanyaje basi?”

“Nilimsikiliza. Kisha nikatoka hadi ukumbi wa nje, nikaisimulia simu yangu niliyoyasikia.”

“Ukaisimulia simu. Na simu ikampelekea nani?”

“Programu,” Chapuchapu alisema.

“Ile ile?”

“Ile ile.”

Ukumbi ulianza kuelewa. Chapuchapu alisikia viti vikilia nyuma yake, mmoja baada ya mwingine.

“Na masimulizi yako ya mdomo yapo?”

“Hayapo. Ikishaandika, inayafuta.”

“Na kijana, ulimsomea?”

“Nilirudi asubuhi yake nimsomee. Nilikuta kitanda kimetandikwa.”

Wakili alitikisa kichwa kwa masikitiko, na labda masikitiko yenyewe yalikuwa ya kweli, mimi sitamhukumu. Alifungua faili, akatoa gazeti la zamani kidogo, akalisoma bila haraka.

“‘Niliushika mnyororo kwa mikono yangu. Ulikuwa wa moto. Hapo ndipo nilipojua hatutatoka.’” Alilishusha gazeti. “Maneno yenye nguvu sana. Yameandikwa vizuri, kama yale ya msamaha. Nakuuliza swali moja, dada, na leo umeshatuonyesha unaupenda ukweli. Maneno haya ni ya kijana, au ni ya mashine?”

“Ni ya mwanangu!” Mdogo mtu aliruka kitini. “Ni ya mwanangu! Waambie!”

“Mama, kaa chini,” mwenyekiti alisema, si kwa ukali.

Chapuchapu alifumba macho. Alirudi wodini. Kitanda kilikuwa kando ya ukuta, hicho anakikumbuka. Mikono ya kijana ilikuwa imefungwa bandeji mpaka viwiko. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, alilazimika kuinama mpaka harufu ya dawa ikamwingia puani. Kijana alisema, “Mlango haukufunguka.” Hilo alilisikia. Hilo angeliapia popote.

Na mnyororo?

Alisikiliza kichwani mwake. Aliinama tena juu ya kitanda kile, akasubiri sauti ile ya kukwaruza iseme mnyororo. Haikusema. Alichokipata ni maandishi, meusi, yamepangwa vizuri kwenye safu ya gazeti, na yeye akiyasoma mara ya kwanza, ya pili, akimsomea mpiga picha, akiyasikia redioni. Alikuwa ameyasoma mpaka yamekaa mahali pa sauti. Alikumbuka pia kwamba siku anakwenda wodini, habari za mnyororo zilikuwa zimeshazagaa mtaani. Huenda kijana alisema. Huenda yeye mwenyewe ndiye aliyeiambia simu kule nje. Huenda Mkwe aliona mlango usiofunguka akatafuta kinachofunga milango. Alipekua na kupekua, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake Chapuchapu hakujua kama jambo alilisikia au alilisoma tu.

Kijana yule alikuwa amempa pumzi zake za mwisho azitunze. Yeye alikuwa amempa Mkwe azishike.

“Tunasubiri, binti,” mwenyekiti alisema. “Jibu ni fupi. Ulimsikia akisema mnyororo, ndiyo au hapana?”

Akisema ndiyo, wenye kiwanda watajibu mbele ya sheria, na mabinti na vijana wale wote hawatakuwa wamekufa bure. Akisema hajui, wakili anafunga faili lake, na jioni hii kila mtu anarudi nyumbani kwake.

Aligeuka nyuma. Hakupaswa kugeuka, lakini aligeuka.

Mdogo mtu alikuwa ameiinua picha ya mwanawe juu, imtazame mwandishi. Na kando yake alikaa mama, aliyekuja gazetini siku hiyo hiyo kudai kilichosikika kiandikwe na kisichosikika kiachwe. Mkono wake ulikuwa umeushika mkono wa mdogo wake. Uso ulikuwa umelowa. Alimtazama Chapuchapu usoni, na midomo yake ikaumba neno bila kulitoa.

Sema ndiyo.

Kisha akainamisha kichwa, kwa kuwa aliona haya kumwomba.

Chapuchapu aligeukia mbele. Wakili alikuwa anasubiri, kalamu mkononi. Mwenyekiti alikuwa amevua miwani. Chapuchapu alikisogelea kipaza sauti mpaka pumzi yake ikasikika ukumbini.

“Mheshimiwa,” akasema, “yule kijana aliniambia…”